Ile sanduku ya muzee jeometri: usiipeleke ku mitraya kabla ya kusoma hii



Kuna swali moja ambalo linanirudia kila mwezi, karibu na maneno yale yale: "Papa alikuwa jeometri, ametuachia sanduku moja nzito, ndani kuna kifaa cha kupimia udongo. Iko na bei gani?" Wengine wananituma picha, wengine wananipigia simu usiku. Mimi nilisoma topografia, nimepima parseli za watu miaka mingi, na kwa mapenzi tu ninakusanya vifaa vya zamani vya kazi yetu. Basi nijibu hapa mara moja kwa wote, ili na wale ambao hawajauliza bado wapate.

Jibu la kwanza: ukiipima ku kilo, umekwisha kupoteza. Teodoliti ya zamani iko na uzito wa kilo tano, sita, pengine kumi kama ni ile kubwa. Watu wa mitraya wanaona rangi ya njano wanasema "hii ni laitoni safi". Lakini ndani kuna chuma, kuna kioo, kuna alumini. Ukitoa vyote hivyo, makuta watakayokupa hayafikii hata mufuko mmoja wa unga wa mahindi. Na kitu kilichoyeyushwa hakirudi. Nimeona kwa macho yangu duara ya teodoliti, ile sahani yenye mistari midogo midogo ya digrii, imekatwa vipande vitatu ndani ya gunia pamoja na mabomba ya maji. Mtu aliyechora mistari ile alitumia mashine ambayo viwanda vichache tu duniani vilikuwa nayo.

Ili uelewe bei, lazima kwanza uelewe kwa nini vitu hivi vimejaa huku kwetu Katanga kuliko mahali pengine. Mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga, CSK kwa kifupi, ili kusimamia udongo na kutoa ruhusa za machimbo. Mwaka 1906 ikaja Union Minière. Reli ikafika Elisabethville mwaka 1910. Sasa huwezi kumpa mtu machimbo kama hujui yanaanzia wapi na yanaishia wapi, na huwezi kuweka reli kama hujui mlima uko na urefu gani. Tena kulikuwa mpaka na Waingereza wa Rhodesia: tume ya Wabelgiji na Waingereza ilipita porini kati ya 1911 na 1914 ikipanda nguzo za mpaka. Kazi zote hizo zilitaka vifaa, na vifaa vilikuja kwa meli na kwa treni, halafu ku vichwa na mabega ya watu.

Njia yenyewe ya kupima iliitwa triangulasioni. Unachagua mstari mmoja ardhini, kilometa kadhaa, unaupima kwa uangalifu mkubwa mpaka milimeta. Mstari ule unaitwa bazi. Kisha hupimi tena urefu. Unapanda kilima, unalenga kilima kingine na kingine, unasoma pembe tu. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, pande zingine unazipata kwa hesabu, na pembetatu moja inazaa nyingine mpaka unafunika jimbo zima. Bazi ya huku kwetu ilikuwa Tshinsenda, karibu na mpaka wa Zambia. Hata leo ukifungua programu ya ramani ndani ya komputa utakuta mfumo mmoja unaitwa Katanga 1955: pointi yake ya mwanzo ni Tshinsenda A, digrii 12 na dakika 30 kusini. Watoto wetu wanabonyeza tu, hawajui kama wanabonyeza Tshinsenda.

Njo maana teodoliti ni mfalme wa vifaa vyote. Kazi yake ni pembe, na pembe njo ilibeba inchi nzima.

Sasa tofauti ya vizazi, kwa sababu bei inatoka hapo.

Kizazi cha kwanza ni teodoliti za laitoni zenye vernia. Vernia ni kile kipimo kidogo kinachoteleza kando ya kipimo kikubwa, Mfaransa Pierre Vernier alikieleza mwaka 1631. Unaweka jicho ku lupa, unatafuta mistari miwili inayokutana sawasawa, njo unasoma. Nyingi zinasoma mpaka sekunde 20 au 30. Kwa asiyezoea: digrii moja iko na dakika 60, dakika moja iko na sekunde 60. Ukikosa sekunde 20, ku umbali wa kilometa moja umekwenda pembeni sentimeta 10 hivi. Si mbaya kwa kifaa cha mkono! Na ule msalaba mwembamba unaouona ndani ya darubini, mara nyingi ni uzi wa buibui. Si mfano wa maneno, ni buibui kweli; uzi wake ni mwembamba, uko na nguvu, na wapimaji walijua kuubadilisha wenyewe porini. Ukikuta teodoliti ambayo msalaba wake wa buibui bado uko, usiweke kidole, usipige hewa ndani.

Kizazi cha pili ni cha kioo. Mswisi Heinrich Wild alifungua kiwanda chake Heerbrugg mwaka 1921, na kutoka kule ikatoka Wild T2, kifaa ambacho kila jeometri wa zamani wa Kongo anakijua kama mpishi anavyojua sufuria yake. Badala ya sahani kubwa ya laitoni, ndani kuna duara ndogo za kioo, mwanga unaingia kwa kioo cha kando, unasoma yote mahali pamoja bila kuzunguka kifaa. Inasoma mpaka sekunde moja: ku kilometa moja ni milimeta tano tu. Inakaa ndani ya ile kengele ya chuma ambayo wengi wenu mnadhani ni bomu au termosi kubwa. Watu wa Kern, kiwanda cha Aarau kilichokuwako tangu 1819, walishindana naye kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1988 Kern ikanunuliwa na kundi la Wild lenyewe.

Kizazi cha tatu kinaanza mwaka 1957 na telurometa, kifaa kilichobuniwa Afrika Kusini na Trevor Wadley, kinachopima urefu kwa mawimbi ya redio. Hiki ni cha Kiafrika na ninakipenda, lakini wakusanyaji hawakitafuti sana. Ni sanduku kubwa la umeme, halipendezi mezani. Nivo, yaani kile cha kusomea urefu wa juu na chini, ni rahisi kupata na bei yake ni ndogo. Mnyororo wa kupimia, kama uko mzima na vipande vyake vya laitoni vya kuhesabia, unapendwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mingi ilikatwa ikafungia mbuzi.

Sasa bei yenyewe. Wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba Wild T2, ambayo ni nzuri sana kwa kazi, si ya ajabu kwa mkusanyaji. Ilitengenezwa miaka karibu 70, imejaa duniani kote. Kule Ulaya yenye afya inapita mkononi kwa mia chache za dola, na ukitoa pesa ya kuisafirisha kutoka Lubumbashi, unabaki na kidogo. Teodoliti ya laitoni ya jina kubwa, Troughton & Simms wa London, Cooke wa York, iliyo kamili, inaweza kupanda zaidi. Ya miaka ya 1700 na mwanzo wa 1800, kama za Jesse Ramsden, hizo ni maelfu, lakini usijidanganye: huku kwetu sijaona hata moja, na sioni njia ambayo ingefika.

Kinachopandisha bei ni mambo ambayo mtu wa mitraya haangalii kabisa. Ninaanza na jina na namba. Kiwanda kizuri kinachonga jina lake na namba ya mfululizo. Kwa namba ile wajuzi wanatafuta mwaka. Kisha ninaangalia sanduku. Ndiyo, lile sanduku la mbao ambalo watoto wanaweka viatu! Teodoliti bila sanduku lake imepoteza sehemu kubwa ya bei, kwa sababu ndani ya sanduku kila kitu kina kitanda chake: timazi, ufunguo mdogo, pini za kurekebisha, kofia ya jua, lenzi ya kulenga nyota. Kitanda kitupu kinaniambia kimepotea nini. Mara nyingine ndani ya kifuniko kuna karatasi ya kiwanda, imeshikwa na gundi, imekuwa ya njano. Usiitoe.

Halafu ngozi ya kifaa. Hapa ninaomba mnisikilize vizuri. Laitoni ya zamani ilipakwa vernisi au rangi nyeusi ku kiwanda, ili jua lisiingie machoni mwa mpimaji na jasho lisiile. Mtu anaona nyeusi, anadhani ni uchafu, anachukua ndimu na majivu, anasugua siku nzima, kifaa kinangaa kama kengele ya kanisa. Anakuja kwangu na furaha. Ninamwambia, ndugu yangu, umesugua nusu ya bei ikaenda na maji. Kitambaa kikavu na brashi laini vinatosha. Mafuta ya mawese usiyaguse karibu na darubini. Na musimu wa mvua uweke kifaa mahali pakavu, kwa sababu ukungu unaota juu ya lenzi kama utandu wa buibui, na ukikaa sana unakula kioo chenyewe. Ukikibeba, ukishike ku mikono miwili ya kando, usikivute kwa darubini.

Jambo moja linachekesha. Kijana mmoja alitaka kutupa teodoliti nzima akasema "hii ina kosa la kiwanda, duara yake inafika 400". Hapana! Wafaransa na wanafunzi wao wanagawa duara kwa gradi 400, na pembe ya mraba ni 100. Viwanda vilitengeneza namna zote mbili. Kwetu ile 400 ni dalili nzuri ya kuonyesha kifaa kilinunuliwa kwa ajili ya watu waliosoma shule ya Kifaransa, na ya 360 mara nyingi ilivuka kutoka upande wa Waingereza.

Kuhusu vitu vya bandia: viko vingi. Vinatengenezwa India kwa ajili ya mapambo, vinauzwa sokoni Dubai na sasa vinafika mpaka huku. Laitoni yote inangaa rangi moja, mbele kumechongwa "Stanley London 1885" kwa herufi kubwa. Stanley alikuwako kweli, alikuwa mtu mkubwa wa vifaa kule London, lakini hakuhitaji kuandika jina lake kama bango la duka. Angalia namba ya mfululizo: hakuna. Angalia mistari ya duara: minene, mingine haifiki mwisho. Lenga mti wa mbali: picha haiji. Na angalia skrubu. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930. Ukiikuta ku kifaa cha "1885", umwachie mwenyewe.

Kuna hatari mbili ambazo lazima niseme. Busola za kijeshi za zamani zingine zimepakwa rangi ya radiumu ili zing'ae usiku. Hata kama haingai tena, mionzi iko. Usiifungue, usikwangue, usimpe mtoto. Na ndani ya sanduku za wale waliopima nyota, pengine utakuta chupa ndogo ya chuma, nzito kupita kiasi. Ile ni zebaki ya kawaida: waliimimina ku sahani ili iwe kioo cha kulazia picha ya nyota. Ni sumu, usiichemshe, usiichezee. Na haina uhusiano wowote na ile "merkiri nyekundu" ambayo watu wanakuja kuitafuta usiku na mabahasha ya dola za uongo. Merkiri nyekundu haiko. Ndani ya kile kibomba cha kiputo kuna pombe au eta. Nimejua familia iliyovunja nivo nzima kutafuta utajiri ule, wakapata tone la pombe lisilotosha kulowesha kidole.

Sasa jambo la sheria, ambalo watu hawapendi. Ukigeuza kifaa ukakuta kibati kimeandikwa CSK, au UMHK, au Cadastre, maana yake siku moja kilikuwa mali ya ofisi au kampuni, hakikuwa cha papa. Pengine alipewa alipoenda retrete, pengine ofisi ilifunga akakiokoa kisiharibike. Tafuta karatasi inayosema hivyo. Mimi bila karatasi sinunui, hata kama bei ni tamu, na ninashauri wenzangu wafanye vile. Tena kuna sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni: kabla ya kutoa kitu cha zamani nje ya inchi, uulize kwanza ku huduma ya serikali inayohusika. Kuulizwa ku uwanja wa ndege ni vibaya zaidi.

Nimeweka mwisho kile ninachokiona kuwa kikubwa kuliko chote, nacho hakina laitoni hata gramu moja. Ni karne.

Kila mpimaji alikuwa na karne ya uwanjani, kijitabu cha jalada gumu. Humo aliandika kila pembe, kila urefu, alichora kroki ya mahali: barabara iko hapa, muembe uko pale, kutoka borni mpaka kona ya nyumba ni meta kadhaa. Mara nyingi karne ziko chini ya sanduku, chini ya kile kitambaa cha kijani. Mnunuzi wa kigeni anazitupa. Familia inawashia makala.

Mama mmoja mjane, huku Lubumbashi, aliniita nimpimie bei ya teodoliti ya marehemu. Wakati ule ule alikuwa na palabre na jirani: ukuta mpya umeingia meta tatu ndani ya parseli yake, na borni ya kona haionekani tena. Nilipoinua kitambaa nikakuta karne saba. Marehemu alikuwa amepima ile avenyu yake mwenyewe alipokuwa kijana. Nikamwambia, "Mama, teodoliti ingojee kwanza." Ukurasa mmoja ulikuwa na kona ile ile, na umbali wake kutoka alama tatu. Alama mbili zilikuwa bado zipo: kona ya nyumba ya zamani na borni ya upande wa pili. Tukavuta mita kutoka zote mbili, zikakutana mahali pamoja, tukachimba mbele ya jirani na mbele ya chefu wa avenyu. Kwa sentimeta 40 hivi, chini ya udongo wa kujazia, borni ikatoka na kichwa chake.

Nieleweke vizuri: karne haichukui nafasi ya setifika ya usajili. Tangu sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni wa serikali, na haki yako inasimama ku setifika. Lakini setifika inakupa namba na ukubwa, haikuonyeshi kichwa cha borni kimezikwa wapi. Karne inaweza kukuonyesha. Jirani yule alibomoa ukuta wake bila kwenda tribinali, na mama akaokoa meta zake tatu. Teodoliti yake, niliyokuja kuipima bei, ilikuwa ya dola mia mbili na kitu.

Tena mu karne mbili kati ya zile saba nilikuta majina ya vijana wa mnyororo na wa mira, pamoja na siku walizofanya kazi na posho yao. Ku ramani kubwa majina yale hayako kabisa. Kule kunaandikwa jina la injinia na jina la huduma. Waliokata njia porini, waliosimama na mira juani, waliobeba ile kengele ya chuma mpaka juu ya kilima, wameandikwa ku karne tu, kwa penseli.

Kwa hiyo ukitaka nikusaidie kujua bei, usinitumie picha moja ya mbali yenye kitanda na televizyo. Nitumie picha ya jina na namba, karibu, bila flashi. Picha ya duara, ili nione kama ni 360 au 400. Picha ya sanduku likiwa wazi, na kila kitu mahali pake, usipange upya. Picha ya kibati chochote kilichobandikwa ku mbao au ku chuma. Halafu inua kitambaa cha chini, uniambie kuna nini. Kama kuna karne, usizifungue na mikono yenye maji, usizirudishe ku sanduku lenye unyevu, na usimwonyeshe mnunuzi yeyote mpaka umezipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Simu yako ya kawaida inatosha.